Kuhesabiwa Marangu: siku nane za safari ya Krismasi na igizo la shambani

Tumerudi Kimara, Dar es Salaam, Jumapili alfajiri, tarehe 29, na ule mkungu niliopewa na mama mkwe umeamua kuiva wote kwa mpigo. Jikoni hakukaliki kwa vijidudu. Nimewatumia jirani ujumbe waje wachukue ndizi, na wakati nawasubiri nimefungua picha za simu na daftari langu lenye madoa ya mtori (ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama), niiandike safari kabla haijanitoka.

Anayeishi Tanzania anaujua utani wa Desemba: Dar inabaki tupu, maduka ya akina Mangi yanafungwa, Wachaga wamekwenda kuhesabiwa, yaani wamerudi kwao Kilimanjaro kwa Krismasi. Mimi si Mchaga. Ni Mmatengo wa Mbinga, nimeolewa Marangu mwaka wa tisa sasa, na kabla ya safari hii nilikuwa nimepanda huko Krismasi mbili tu. Mwaka huu kilichonivuta ni sauti aliyonitumia wifi yangu mwezi Oktoba: usharika wao wa Kilutheri utafanya igizo la kuzaliwa kwa Yesu nje, ndani ya kihamba (shamba la migomba la ukoo linalozunguka nyumba), usiku, na watu watatembea kutoka tukio hadi tukio. Ng'ombe hai, mbuzi hai, mtoto mchanga hai. Mimi nilikulia kwenye pango la Noeli la masanamu ya plasta, ambapo mchungaji mmoja alikuwa amekatika mkono tangu kabla sijazaliwa. Nikasema hili siliachi.

Jumamosi, 21 Desemba. Mbezi hadi Marangu

Tiketi nilikata kwa simu tarehe 30 Novemba, shilingi 45,000 kila kiti. Mwanangu ana miaka sita, akikalia kiti analipa kama mtu mzima. Mume alibaki kazini bandarini, zamu yake ilikuwa inaisha usiku wa tarehe 24. Jirani yetu mmoja aliyesema "tiketi zipo tu" alilipa 65,000 siku yenyewe na akapewa kiti cha nyuma kabisa, juu ya injini, magoti yakagusa kidevu hadi Same.

Kwa atakayefuata: ukitaka kwenda Kaskazini baada ya tarehe 18, kata tiketi kabla Desemba haijaingia. Ukichelewa, nenda dirishani ndani ya stendi. Anayekukimbilia getini na kitabu cha tiketi mkononi mwache apite. Mbele yangu kulikuwa na mama aliyeshika tiketi ya basi ambalo halipo.

Stendi ya Magufuli saa 10:30 alfajiri ilikuwa kama mnada. Magunia ya mchele, madumu ya mafuta, televisheni zimefungwa kwenye mablanketi, na Noah moja imebebeshwa tanki la maji ambalo lilikuwa kubwa kuliko gari lenyewe. Tulipangiwa kuondoka saa 12:00, tukaondoka 12:20, na kwa siku ile huko ni kuwahi. Konda alitembea katikati ya viti akituhesabu kwa kalamu mara tatu. Alipata 57, akapata 58, akapata tena 57. Mwanangu ndiye aliyegundua kasoro: kulikuwa na mtoto amelala sakafuni miguuni kwa bibi yake, na kila konda akipita bibi alikuwa anamfunika kitenge.

Daraja jipya la Wami limemaliza ile foleni ya kupishana gari moja moja iliyokuwa inakula saa nzima. Baada ya hapo nililala, na mashamba ya mkonge ya Korogwe niliyaona kwa jicho moja.

Mombo tulipewa dakika ishirini za kula. Wali na kipande cha kuku 7,000, mchuzi mwepesi, ila wa moto. Kilichonifurahisha ni pichi na plamu zinazoshuka kutoka Lushoto, kindoo kidogo 5,000. Nikachukua viwili, na haikuwa busara yangu bali tamaa, lakini vilikuja kutusaidia.

Tulipopita Mkomazi, kabla ya Hedaru, tairi la nyuma likapasuka kwa kishindo cha bunduki. Tairi la akiba lilipotolewa, nalo halina upepo. Saa saba mchana, jua la upande ule, na kivuli chote ni cha basi lenyewe. Utingo akapanda lori lililokuwa linapita akaenda kutafuta tairi Same.

Karibu na barabara kulikuwa na nyumba yenye mwarobaini mkubwa, na mama mwenye nyumba hakungoja tumwombe. Alitoa viti viwili, mkeka, na ndoo ya maji yenye kata, akasema wenye watoto watangulie. Baadaye akaleta sinia la makande. Mjue, watani zetu wana maneno yao kuhusu Wapare na mkono wa birika. Mimi tangu siku hiyo nimeacha kuyacheka. Nilimpa 10,000 akairudisha mfukoni mwangu mwenyewe, kwa mkono wake. Alichokubali ni kindoo kimoja cha pichi, kwa sababu ya wajukuu.

"Kila mwaka mnaharibikia hapahapa," aliniambia. "Mwaka jana walikuwa wa Rombo. Na wewe ni Mchaga?"

"Hapana mama, Mmatengo. Nimeolewa tu."

"Basi wakikuhesabu watakosea hesabu."

Tairi lilifika saa 10:15. Himo tukashuka saa 2 usiku badala ya saa tisa mchana. Haisi zilikuwa zimekwisha, imebaki michomoko, yale magari madogo ya watu binafsi yanayobeba abiria. Tukapanda Noah kwa 5,000 kila mmoja, siku za kawaida ningelipa chini ya nusu, tukiwa watu kumi na mmoja na mbuzi mmoja nyuma ambaye alikuwa ananusa shingo yangu muda wote. Kutoka Himo barabara inapanda tu. Masikio yanaziba, yanazibuka, halafu baridi inaingia kwenye mikono ya blauzi na unakumbuka kuwa masweta yote uliyafunga chini kabisa ya begi.

Marangu Mtoni nilipata bodaboda, kijana mwembamba mwenye sauti nzito. Nilipomwelekeza kwa nani tunakwenda akaanza kucheka. "Kumbe ni mke wa kaka! Weka hela yako. Utanilipa mbege Krismasi." (Mbege ni pombe ya ndizi na ulezi.) Akanipakia mimi, mtoto, begi na mchele kilo kumi, akapanda polepole kama aliyebeba mayai.

Jumapili, 22 Desemba. Kuku wa 30,000

Saa 12 asubuhi mlima ulikuwa wazi wote, Kibo mweupe upande mmoja na Mawenzi aliyechongoka upande mwingine. Saa 2 ulikuwa umeshajifunika. Ukitaka picha, amka mapema.

Ibada ya pili ilijaa hadi nje, na baada ya ibada ukafuata mnada wa sadaka za mazao. Kwa asiyejua: mtu asiye na fedha analeta mkungu, papai, mayai, kuku, na vitu vinanadiwa palepale uwanjani, fedha inaingia kanisani. Mwanangu aliona kila anayenyoosha mkono anachekewa na kupongezwa. Akanyoosha. Jogoo akatuangukia kwa 30,000 na mzee wa kanisa akatangaza kwa kipaza sauti kuwa "mjukuu wetu kutoka Dar amemheshimu Mungu". Ungefanyaje? Nililipa.

Tangazo la igizo likatolewa: Jumanne saa 12 jioni, chini ya kanisa, kwenye kihamba cha mzee mmoja aliyejitolea. Kiingilio hakuna. Anayeweza alete kilo ya mchele, sukari au sabuni kwa ajili ya wazee wasiojiweza. Na waliotoka mijini wawahi, kwa sababu mlangoni kuna kuandikishwa. Watu wakacheka. Mimi nilidhani ni maneno tu.

Jumatatu, 23 Desemba. Bibi na ng'ombe

Siku ya kazi. Nyumba ya mama mkwe ilikuwa na watu kumi na tisa na vitanda saba. Wanaume walichinja, wanawake tukamenya ndizi mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu (pakeni mafuta ya kupikia kabla ya kuanza, hili nimelijua mwaka wa tisa). Mbege ilikuwa imeshapikwa siku nyingi nyuma, ndizi zake zimelala na msesewa, lile gome la mti lenye uchungu, umetiwa, ilikuwa inangoja uji wa ulezi.

Mchana nilimsindikiza bibi wa mume wangu kwenda kuona maandalizi. Ana zaidi ya miaka themanini na anatembea na fimbo ya mkahawa. Vijana walikuwa wanafunga koroboi kwenye miti kando ya mfongo, ule mfereji wa maji wa zamani unaopita katikati ya kihamba. Zizi la mzee mwenye shamba ndilo lingekuwa zizi la Bethlehemu, na ng'ombe wake wa maziwa alikuwa ndani, anatutazama huku anatafuna. Mwinjilisti akatueleza kwa huzuni nzuri jinsi Maria alivyokosa nafasi akalazimika kulala na wanyama.

Bibi alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema: "Mimi nimezaliwa kwenye nyumba ya nyasi. Ng'ombe walikuwa humohumo ndani. Upande wao ndio wenye joto, na mzazi alilazwa karibu na joto." Akaligonga hori kwa fimbo. "Mnamwonea huruma kwa kulala na ng'ombe? Wa kuonewa huruma ni aliyelala bila ng'ombe."

Mwinjilisti alitoa kalamu akaandika kitu kwenye karatasi zake. Sijui kama alibadilisha mahubiri, ila usiku wa igizo hakulitaja tena suala la kulala na wanyama.

Jioni punda akafika, juu ya pikapu. Huku juu punda ni nadra, huyu alikodiwa tambarare, upande wa chini ya Himo, 40,000 kwa siku mbili pamoja na mwenye naye. Alishushwa akasimama katikati ya migomba kama mgeni aliyekosea msiba.

Jumanne, 24 Desemba. Igizo

Ukungu ulishuka saa 11 jioni. Njia ya kuingilia kihambani ina ua wa masale, ile mimea ya majani marefu, pande zote mbili, na foleni ilikuwa ndefu hadi barabarani: wenye makoti ya Dar, wenye mablanketi, watoto wa mtaa wenye ndala, wazee waliobebewa viti vyao. Mwisho wa ule ua kulikuwa na meza, na nyuma ya meza askari wawili wa Kirumi.

Chepeo yao ilinichukua dakika nzima kuielewa. Ilikuwa helmeti ya bodaboda iliyopakwa rangi ya dhahabu, na juu yake wamegundisha nyuzi za katani zilizotiwa rangi nyekundu, zimesimama kama upanga wa jogoo. Kwenye moja bado unaweza kusoma namba ya kijiwe chini ya rangi. Na chini ya helmeti hiyo, yule yule kijana wangu wa Mtoni mwenye sauti nzito.

"Kwa amri ya Kaisari Augusto! Jina? Ukoo? Kwenu?"

Bwana aliyekuwa mbele yangu akajibu kwao ni Kimara.

"Nimeuliza kwenu. Sijauliza unapopanga."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Ikaja zamu yangu. Nikasema Mbinga. Askari akamgeukia mwenzake mwenye daftari. "Mbinga ni jimbo gani la Kaisari?" Mwenzake akasema halijafika kwenye orodha. "Umefuata nini huku?" Nimeolewa. "Mume yuko wapi?" Bandarini, zamu. Askari akatikisa kichwa na nyuzi zake za katani. "Asiyefika haandikwi." Akanipa kikadi cha karatasi ngumu kilichoandikwa 214, mwanangu 215. Juu yetu kipaza sauti kilikuwa kinasoma Luka: *watu wote wakaenda kuandikwa, kila mtu mjini kwao.* Mstari huo nimeusikia tangu utotoni, na sikuwahi kuusikia watu wakiucheka, kisha wakanyamaza wote kwa pamoja.

Nilikumbuka sensa yetu ya Agosti 2022, iliyotupata watu 61,741,120. Karani aliyekuja Kimara hakuuliza kwetu ni wapi. Aliuliza nani alilala humu usiku wa kuamkia siku ya sensa. Mimi, mume na mtoto tuliingia kwenye hesabu ya Dar, na Marangu hatukuongeza hata mmoja. Kumbe Kaisari na Wachaga wanahesabu kwa njia moja.

Tuligawanywa makundi ya watu thelathini, kila kundi na kijana wa karabai. Tukio la kwanza, Nazareti, lilipita haraka: Maria anapepeta ulezi chini ya migomba, malaika juu ya jiwe, shuka jeupe na sweta la shule linaonekana shingoni. Msichana aliyekuwa Maria ni wa kidato cha tatu. Sauti ilikuwa ndogo lakini hakukosea neno.

Kisha safari ya kwenda Bethlehemu, na hapo tukakwama nusu saa. Punda alifika kwenye mfongo, maji ya upana wa hatua moja, akakataa kuvuka. Yusufu alivuta, wanaume watatu wakasukuma, mwenye punda akaimba kwa kilugha, punda akaweka masikio nyuma akawa jiwe. Makundi ya nyuma yakaanza kutufikia. Mwinjilisti, kwa kuokoa jahazi, akatangaza kuwa kwa kweli Luka hakumtaja punda popote. Punda na ng'ombe wa zizini watu waliwatoa kwenye Isaya, sura ya kwanza.

Hapo Ukatoliki wangu ukanipanda. Nikamnong'oneza wifi kuwa shughuli yote hii asili yake ni Noeli ya kwetu: Fransisko wa Asizi, kijiji cha Greccio, Italia, mwaka 1223, ndiye aliyetaka ng'ombe na punda wa kweli na nyasi za kweli, karibu miaka mia tatu kabla ya Luther na hoja zake.

Wifi hata hakugeuka. "Basi njoo ushike punda wako."

Maria akashuka, akavua viatu, akavuka mwenyewe kwa miguu. Punda alibaki ng'ambo. Kwa kundi letu aliishia hapo.

Nyumba za wageni zilikuwa nyumba za kweli za ukoo ule, milango mitatu inayopakana. Mlango wa kwanza akatoka mzee na kandambili. "Tumejaa! Wa Dar wamekuja, wa Arusha wamekuja, mpaka jikoni wamelala!" Haikuwa igizo hiyo, nyuma yake kupitia mlango ulioachwa wazi tuliona magodoro yamesimamishwa ukutani. Mlango wa pili mama akasema wangepiga simu kwanza. Tulicheka sana.

Mlango wa tatu ulifunguliwa na bwana wa makamo mwenye taa ya chemli. Hakusema kitu. Aliinua taa akamtazama Maria kuanzia usoni hadi miguuni, ile miguu iliyokuwa na tope la mfongo. Maria alikuwa ameshika kiuno kwa nyuma, kwa ile namna ambayo hufundishwi, unaiona tu kwa dada zako. Yule bwana akaishusha taa. Akafunga mlango polepole, na tukasikia komeo likiingia.

Hakuna aliyecheka. Pembeni yangu mama mmoja akasema kwa sauti, "Jamani, fungua!" Mwanangu akanishika mkono akaniuliza kwa nini yule baba hana hata jikoni.

(Kwa wenye watoto: waambieni mapema kuwa ni igizo. Wangu sikumwambia, na alikataa kuondoka pale mlangoni mpaka kijana wa karabai alipomwambia tunakwenda kuwatafutia mahali.)

Wachungaji walikuwa wavulana watano na mbuzi wanane, wanaota moto wa magogo ya mikahawa mizee. Moshi wake una harufu yake. Kwetu Mbinga tunachoma hiyohiyo, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nilijisikia niko nyumbani. Malaika hawakuonekana. Walisikika. Kikundi cha matarumbeta cha usharika kilikuwa kimefichwa ng'ambo ya korongo, gizani. Noti ya kwanza ilipasuka kwa baridi, ya pili ikayumba, ya tatu ikashika na korongo zima likaitikia. Mbuzi wawili wakatoroka. Hakuna aliyewafuata.

Halafu zizi.

Koroboi mbili tu, na pumzi ya ng'ombe inaonekana. Hori ni la mbao, limejaa shina la mgomba lililokatwakatwa, na juu yake kanga imekunjwa mara nne, na juu ya kanga mtoto wa wiki sita. Mama yake halisi, mwanakwaya, alikuwa amekaa nyuma ya ng'ombe juu ya debe, gizani, mkono mmoja umenyooshwa tayari. Sidhani wengi walimwona. Mtoto alikuwa macho, anaangalia mwanga. Ng'ombe akanyoosha shingo, akatoa ulimi mrefu, akachomoa kipande cha mgomba kutoka chini ya unyayo wa mtoto, taratibu, akaanza kutafuna. Mkono wa kule gizani ulisogea kidogo, ukatulia.

Nilitegemea mamajusi. Walioingia kwanza walikuwa wanawake wa mtaa, sita au saba, kila mmoja na hotipoti. Mtori. Mzazi hapewi dhahabu kwanza, anapewa mtori. Wakampakulia Maria kwenye bakuli na Maria akala, akala kweli, kwa sababu tangu saa nane alikuwa hajala kitu. Waliobaki wakatupitishia sisi kwa vikombe. Hapo ndipo daftari langu lilipopata madoa.

Bibi alikuwa wa mwisho katika wale wanawake. Hakubeba hotipoti. Alikuwa na jani moja la sale, akaliweka kwenye ukingo wa hori, akarudi nyuma. Sale kwa Wachaga ni jani la kuombea msamaha: mtu akikuletea, hata awe amekukosea kiasi gani, ni vigumu kumfukuza. Usiku tukiwa kitandani, maana nililala naye mimi na mtoto, nilimuuliza alikuwa anamwombea nani msamaha.

"Ile milango mitatu," akasema, akageukia ukuta.

Mamajusi walikuja baadaye wakitokea upande wa Mwika, ambao kwa kweli ndio mashariki yetu. Mmoja alimulika njia kwa simu. Walikuwa wazuri, lakini baada ya mtori sikuwaandika sana.

Mambo ya kujua kabla ya kwenda igizo kama hili: sweta na viatu vya kufunika, siyo sandozi, tochi, lakini zimeni mkifika zizini, ng'ombe hapendi mwanga wa ghafla na mtoto pia. Gari liachwe barabarani juu, walioshuka nalo walisukumwa kwenye tope hadi saa sita usiku. Makundi ya mwanzo ndiyo bora. La mwisho lilimkuta Maria amesinzia.

Jumatano, 25 Desemba

Ibada saa 1 asubuhi, kanisa limejaa watu wenye tope kwenye pindo. Mume akafika saa 7 mchana, macho mekundu. Basi lake la usiku lilikaa saa mbili nzima kwenye foleni ya kuingia Himo tu. Kabla hajakaa, bodaboda wetu akatokea kudai mbege yake. Nilimjazia kata, akanywa nusu, akamtazama mume wangu.

"Kaka, Kaisari amefunga daftari."

Watu kumi na tisa wakacheka kwa mpigo. Mume hakuelewa chochote, na hakuna aliyemweleza hadi jioni. Mwanangu ndiye aliyetoa kadi yake 215 akasema anaweza kumwazima.

Kuku wa 30,000 aliliwa siku hiyo. Alikuwa mgumu.

Alhamisi na Ijumaa

Harusi moja, vipaimara viwili, wagonjwa watatu wa kutembelea. Chakula kilekile nyumba sita. Niliulizia mtoto wa hori: hajambo, ila mama yake anasema tangu usiku ule akisikia sauti ya ng'ombe ananyamaza, hata akiwa katikati ya kilio.

Jumamosi, 28 Desemba. Kushuka

Tangu Oktoba 2023 mabasi yanaruhusiwa kutembea usiku, kwa hiyo tulipanda la saa 1 jioni Himo, 50,000 kila kiti. Hatukupasukiwa. Mwarobaini wa kule kabla ya Hedaru tuliupita gizani, nikapunga mkono hata hivyo. Konda alidai 5,000 za mkungu, tukapatana 3,000.

Bibi alinipa kipande cha sale nikipande Dar. Nimekiweka kwenye kopo la rangi pale barazani, kivulini. Jani moja limekauka ncha, mengine mawili bado yamesimama. Mume anasema Kimara joto, halitashika. Jirani wa chini ameshafika na beseni, anauliza hizi ndizi ni za kupika au za kula hivihivi.